Ilazwe mezani: petisheni na siku ya kazi katika Bunge la Uingereza la karne ya 19

Tarehe 2 Mei 1842 kulikuwa na mzigo London ambao mlango wa Bunge haukuweza kuupitisha. Wanaume walikuwa wameupokezana mabegani mtaa kwa mtaa, msafara mrefu ukiwafuata nyuma. Lilikuwa bunda la karatasi zilizogundishwa moja baada ya nyingine, likikisiwa kuwa na urefu wa maili 6, na ndani yake mlikuwa na majina zaidi ya milioni 3.3. Walijaribu hata kuibomoa fremu ya mlango, wapi. Mwishowe bunda likafumuliwa, likaingizwa kipande kipande na kurundikwa sakafuni mbele ya makarani mpaka likaipita meza yao kwa kimo. Kesho yake mbunge Thomas Duncombe aliomba jambo moja tu: watu wale waruhusiwe kusimama mbele ya Baraza, wenyewe au kwa mawakili wao, waeleze shida zao. Kura zikapigwa. Waliokubali 49, waliokataa 287.

Mtu angedhani baada ya kofi kama hilo watu wangeitupa kalamu. Lakini mwaka uliofuata, 1843, Baraza lilelile lilipokea petisheni 33,898, idadi ambayo haikuwahi kuonekana kabla. Watu waliendelea kubisha kwa nguvu zaidi mlango ambao ulikuwa umekwisha kuwafungia. Ukitaka kujua sababu, hotuba za wakubwa hazikusaidii sana. Inabidi ushuke kwenye mambo ya kila siku ambayo wanahistoria wengi huyaruka: nani anasimama saa ngapi, karatasi inawekwa wapi, karani anahesabu nini.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Nasema petisheni, kama Wakenya wanavyosema, kwa sababu "ombi" peke yake ni pana mno. Petisheni ilikuwa hati yenye umbo lake, ya mtu mmoja au umati, iliyopelekwa kwa mfalme au kwa Bunge kuomba jambo. Haki ya kuipeleka ilikuwa ya kale, na ilipiganiwa. Mwaka 1688 Mfalme James II aliwashtaki maaskofu 7 kwa sababu walimwandikia petisheni asiyoipenda. Mahakama ikawaachia, na mwaka uliofuata, James akiwa amekwisha kukimbia nchi, sheria ya haki ya 1689 ikatamka kwamba raia kumwomba mfalme si kosa. Commons, yaani baraza la wabunge waliochaguliwa, ndilo ambalo magazeti yetu yalizoea kuliita la makabwela, ingawa kabwela wa kweli alikaa nje ya mlango wake kwa miaka mingi. Hata baada ya mageuzi ya 1832, katika Uingereza na Wales ni mwanamume mmoja hivi kati ya watano aliyepiga kura. Mwanamke hakuhesabiwa kabisa. Kura ilikuwa ya wachache, na petisheni ilikuwa ya yeyote aliyeweza kuandika jina lake, au hata kutia alama tu.

Kinachowachanganya wasomaji wengi ni kwamba neno hilohilo lilifanya kazi tatu zisizofanana. Ilikuwapo petisheni ya umma, ya kutaka sheria itungwe, ifutwe au iachwe kama ilivyo. Ilikuwapo ya kufungulia muswada wa faida ya mtu au kampuni fulani. Na ilikuwapo ya kupinga matokeo ya uchaguzi. Ya kwanza ndiyo yenye makelele, na nitakaa nayo muda mrefu zaidi. Ya pili ndiyo iliyokuwa na fedha.

Petisheni ya umma ilikuwa na adabu zake. Ilianza kwa kulitaja Baraza kwa sifa zake zote, kisha ikasema kwamba waombaji "kwa unyenyekevu wanaeleza", ikaorodhesha hoja, na mwisho ikaja sehemu ambayo Waingereza waliiita dua. Neno letu linaingia hapo bila kulazimishwa. Bila dua hati haikuwa petisheni, ilikuwa malalamiko tu, na karani aliirudisha. Anayezikumbuka barua za zamani za pwani, zile zilizopanga salamu na sifa hadi kufika kwenye "ama baada", ataona mara moja mchezo ulivyokuwa: unamheshimu mkubwa kwa fomula ili upate nafasi ya kumwambia usilotakiwa kumwambia.

Zaidi ya lugha, kulikuwa na miiko ya karatasi. Iandikwe kwa mkono, isipigwe chapa. Isiwe na neno lililofutwa au kuchomekwa katikati ya mistari. Angalau saini moja iwe kwenye karatasi ileile yenye dua, maana kulikuwa na wajanja wa kukusanya majina kwa jambo moja na kuyabandika kwenye jingine. Isizungumzie mijadala iliyofanyika ndani ya Baraza. Isiombe fedha za serikali bila idhini ya Taji, sharti lililowekwa tangu 1713. Na iletwe na mbunge, aliyepaswa kuandika jina lake juu yake. Petisheni nyingi zilikufa kwenye miiko hii kabla mtu hajasoma hoja hata moja, na sidhani ilikuwa bahati mbaya wakati wote. Sheria ya 1661 ilikuwa bado vitabuni ikikataza saini zaidi ya 20 bila kibali cha mahakimu, na watu zaidi ya 10 kuipeleka hati. Kuhusu saini sheria hiyo ilikuwa imekufa kimyakimya. Kuhusu umati haikufa, kwa sababu wabunge walikuwa bado wanakumbuka Juni 1780, Lord George Gordon alipofika na petisheni dhidi ya Wakatoliki akiwa na maelfu nyuma yake, na London ikawaka moto kwa siku kadhaa.

Upande wa pili kulikuwa na ukarimu. Posta ilibeba petisheni za kwenda kwa wabunge bila malipo, mradi zisizidi uzito fulani na ncha za bahasha ziachwe wazi zikaguliwe. Kijiji cha mbali kilihitaji karatasi, wino na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri. Hati ililala juu ya meza ya kanisa baada ya ibada, ikapita kwenye vilabu vya pombe, ikazungushwa nyumba kwa nyumba.

Mambo ya meza na saa

Sasa twende ukumbini. Kikao cha Commons kwa kawaida kilianza alasiri na mara nyingi kikavuka usiku wa manane. Spika aliingia, siwa ikawekwa mezani, kasisi akasoma dua, wakahesabiwa wabunge 40 wa kuhalalisha kikao. Zikafuata shughuli za miswada ya watu na makampuni, kisha petisheni, kisha taarifa za hoja na maswali kwa mawaziri, na ndipo hoja kubwa za siku. Aliyewahi kusoma taarifa rasmi za Bunge la Dodoma hatashangaa: Spika anasoma dua, zinafuata hati zilizowasilishwa mezani, yanafuata maswali na majibu. Mpangilio huo ulisafiri na meli za wakoloni, na meza ilisafiri nao.

Angalia petisheni zilivyokaa: mwanzoni kabisa, kabla ya hoja ya serikali. Hadi miaka ya 1830, mbunge aliyesimama kuwasilisha petisheni aliweza kutoa hotuba juu yake. Mwenzake akamjibu, wa tatu akadakia, na serikali ikakaa inasubiri zamu. Ilitakiwa ipigwe kura hata juu ya hoja ya "iletwe", ya "isomwe", na ya mwisho, "ilazwe mezani". Kila moja ilikuwa nafasi ya kusema. Petisheni moja ya wafanyabiashara wa mji mdogo iliweza kula saa nzima.

Henry Brougham aliuelewa mchezo huu kuliko wengine. Mwaka 1816 vita dhidi ya Napoleon vilikuwa vimekwisha, lakini serikali ilitaka kuendelea na kodi ya mapato ambayo watu waliahidiwa kuwa ni ya wakati wa vita tu. Brougham na wenzake wa upinzani hawakuwa na wingi wa kuishinda serikali. Walichokuwa nacho ni petisheni, nazo zilimiminika kutoka kila upande. Wakaziwasilisha moja moja, usiku baada ya usiku, kwa wiki kadhaa, kila moja ikizaa mjadala wake. Muda huo wote wabunge wa vijijini walikuwa wakisoma barua za wapiga kura wao na kuona upepo unakoelekea. Tarehe 18 Machi hoja ya kodi ilipofika kwenye kura, serikali ilishindwa kwa kura 37. Petisheni hizo hazikuwa na uwezo wowote wa kisheria wa kufuta kodi. Zilishika saa ya ukutani, na aliyeishika saa aliipata na kura.

Lakini mlango ulio wazi kwa Brougham ulikuwa wazi kwa wote. Katika miaka mitano iliyoishia 1789 zililetwa petisheni 880 hivi. Katika miaka mitano iliyoishia 1831, zaidi ya 24,000. Ukizipa hata dakika tano kila moja, Bunge linageuka ofisi ya kupokea barua. Mwaka 1833 wakajaribu kuzitengea vikao vya mchana, kuanzia adhuhuri hadi saa tisa, na wabunge wengi hawakujitokeza. Mwaka huohuo ikaundwa kamati ya petisheni za umma, kazi yake kuzipanga kwa mada, kuhesabu saini na kuchapisha ripoti. Halafu, hatua kwa hatua hadi kufikia kanuni za kudumu za mwanzoni mwa miaka ya 1840, mjadala ukakatwa. Mbunge angeruhusiwa kutaja petisheni imetoka kwa nani, ina saini ngapi, inadai nini, na kusoma dua yake. Basi. Wengi hawakufanya hata hayo. Waliitumbukiza hati kimya, na hadi leo kuna mfuko unaoning'inia nyuma ya kiti cha Spika kwa kazi hiyo.

Ni rahisi kuona hapa njama ya wakubwa kuwaziba watu midomo, na waliokuwapo hawakukosa kusema hivyo. Mimi naiona pande mbili. Kweli serikali ilipata saa zake na raia wakapoteza zao. Lakini kabla ya kamati, petisheni iliyosemewa na mbunge mwenye sauti ilisikika, na iliyoletwa na mbunge mzembe ilipotea. Baada ya kamati kila moja iliingia kwenye chapa: mahali ilikotoka, mada, idadi ya saini, na zile zenye uzito zikachapishwa maneno yake kamili. Gazeti liliweza kuchukua ripoti na kusema wiki hii wanaotaka jambo hili ni wangapi na wasiolitaka ni wangapi. Petisheni ikapoteza ulimi, ikapata tarakimu.

Fundo letu la mwanzo linaanza kulegea hapo. Petisheni nyingi za 1843 zilihusu muswada wa viwanda wa waziri Sir James Graham, ambao ungeweka shule za watoto wa viwandani chini ya mkono wa Kanisa la Anglikana. Waprotestanti wa madhehebu mengine wakachachamaa. Kila kanisa lilitoa hati yake, maelfu kwa maelfu, na saini zikakaribia milioni 2. Mwezi Juni Graham akaviondoa vifungu vya elimu.

Milioni 3.3 zilitupwa mwaka 1842, na milioni 2 zikashinda mwaka 1843. Tofauti haikuwa ukubwa wa sauti. Wale wa 1842 walikuwa Wachartisti. Walidai kila mwanamume apige kura, kura iwe ya siri, wabunge walipwe, majimbo yawe sawa, sharti la kumiliki mali liondolewe, uchaguzi uwe wa kila mwaka. Walikuwa wanawaomba wenye mali waugawe ufunguo wa nyumba. Wengi wao hawakuwa na kura, kwa hiyo mbunge aliyewapuuza hakuwa na cha kupoteza. Wale wa 1843 walikuwa wenye maduka na mashemasi, na kura walikuwa nazo. Hawakuomba kitu kipya, walitaka serikali iache. Na walikuja kama maelfu ya hati ndogo zenye majina ya miji halisi, kila mbunge akiliona jimbo lake humo. Bunda moja la maili 6 ni la kutisha, lakini halina anwani.

Saini milioni ngapi?

Tarakimu nazo zina kisu chao. Tarehe 10 Aprili 1848, Ulaya ikiwa imewaka mapinduzi, Wachartisti walikusanyika Kennington Common, kusini mwa mto Thames, wapeleke petisheni yao ya tatu. Sheria ya 1817 ilikataza mikutano ya watu zaidi ya 50 ya kuandaa petisheni ndani ya maili moja kutoka Westminster Hall wakati Bunge likikaa. Polisi wakashika madaraja, msafara ukazuiwa, na hati ikavushwa kwa magari ya farasi ya kukodi. Kiongozi wao, Feargus O'Connor, ambaye alikuwa mbunge, akalitangazia Baraza kwamba ina saini zaidi ya milioni 5.7.

Siku tatu baadaye kamati ya petisheni ikarudi na hesabu yake: saini 1,975,496. Tena, wakasema, humo mna jina la Malkia Victoria, la Sir Robert Peel aliyekuwa waziri mkuu, na jemadari maarufu Duke of Wellington ametia saini mara 17. Mna majina ya dhihaka kama "Pua Bapa" na "Hakuna Jibini". Ukumbi ukaangua kicheko, magazeti yakacheka mwezi mzima, na kwa miaka mingi vitabu vya shule viliimaliza habari ya Uchartisti kwa kicheko hicho.

Ila tupige hesabu kidogo. Kamati ilisema kazi ilifanywa na makarani zaidi ya 13 kwa zaidi ya saa 17. Chukua 13 mara 17, unapata saa za kazi 221. Gawa saini 1,975,496 kwa hizo, unapata karibu 8,900 kwa saa, yaani karibu 149 kwa dakika kwa kila karani, huku wakikagua majina ya uongo na kuwatenga wanawake, ambao kamati ilisema walikuwa 8,200 katika kila majina 100,000. Hata wakiwa wengi zaidi kidogo na muda ukirefushwa kidogo, mwanadamu hahesabu hivyo. Bila shaka walikadiria kwa karatasi. Haina maana kwamba O'Connor alikuwa mkweli. Hati iliyopimwa kuwa na uzito wa kilo 292 hivi ni vigumu kuibebesha watu milioni 5.7. Nadhani wote wawili walikuwa wanakisia, na mmoja wao alikuwa na muhuri wa Bunge.

Na zile milioni karibu 2 alizokubali adui mwenyewe? Nchi nzima wapiga kura walikuwa milioni moja hivi. Hilo ukumbini halikuchekesha mtu, kwa hiyo halikusemwa sana.

Wanawake wanastahili kurudiwa, maana kwao petisheni ilikuwa mlango pekee. Tarehe 3 Agosti 1832, miezi miwili baada ya sheria ya mageuzi kuandika kwa mara ya kwanza kwamba mpiga kura ni mwanamume, mbunge Henry Hunt aliwasilisha petisheni ya Mary Smith wa Yorkshire. Alikuwa mwanamke asiye na mume, mwenye mali, anayelipa kodi, akiuliza kwa nini asipige kura. Wakamcheka. Mei 1833 ikaja petisheni ya wanawake ya kutaka utumwa ukomeshwe katika makoloni, saini 187,000, hata wabunge wanne wakahitajika kuiinua. Safari hii hakucheka mtu. Mwaka huo petisheni zaidi ya 5,000 zililetwa dhidi ya utumwa, na sheria ikapita Agosti.

Wimbi hilo la kupinga utumwa linatugusa na sisi wa pwani, ingawa lazima mtu awe mwangalifu asivute kamba kupita urefu wake. Mwaka 1814, mkataba wa amani na Ufaransa uliporuhusu Wafaransa kuendelea na biashara ya watumwa kwa miaka 5, zilikusanywa petisheni 800 hivi zenye majina 750,000 hivi. Waziri Castlereagh, ambaye mwenyewe hakuwa na moto huo, akaenda kwenye mkutano wa mataifa Vienna akijua anatazamwa nyumbani, na Februari 1815 mataifa makubwa yakatamka kwamba biashara hiyo ni aibu. Kutoka hapo serikali za London zilijizoesha kuibana biashara hiyo kwa mikataba hata katika Bahari ya Hindi: Nahodha Moresby na Sayyid Said mwaka 1822, kisha mkataba wa 1845. Mwaka 1871 kamati teule ya Commons ikahoji mashahidi juu ya biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki, ikafuata safari ya mjumbe wa serikali Sir Bartle Frere kwenda Unguja, na Juni 1873 Sultani Barghash akaweka sahihi na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Sisemi kwamba karatasi za 1814 ndizo zilizolifunga soko la Mkunazini. Manowari na hesabu za biashara zilikuwa na neno lao. Ila waziri wa London alijifunza kwamba jambo hili lina watu wanaotia saini.

Funzo hilo liligeuzwa baadaye kwa kazi nyingine. Mwaka 1892 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipotangaza kuwa itaondoka Uganda kwa kukosa fedha, makanisa na vyama vya wafanyabiashara viliitisha mikutano nchi nzima, Kapteni Lugard, aliyekuwa afisa wa kampuni hiyo Uganda, akizunguka kuhutubia. Bunge lilikuwa likizoni, kwa hiyo maombi na maazimio zaidi ya 100 yakapelekwa moja kwa moja Wizara ya Mambo ya Nje kwa waziri wake Lord Rosebery, aliyekuwa akitafuta kisingizio cha kubaki. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa nchi ya himaya. Waganda wenyewe hawakuwamo kwenye karatasi hizo.

Zile nyingine mbili

Aina ya pili ya petisheni haikuwa na bendera wala tarumbeta, na wabunge waliitolea saa nyingi kuliko inavyokumbukwa. Kampuni ikitaka kujenga reli ilihitaji sheria yake yenyewe ili iweze kutwaa ardhi za watu, na muswada huo ulianza kwa petisheni. Mwenye shamba asiyetaka treni kwenye ng'ombe wake alileta petisheni ya kupinga, wakakutana mbele ya kamati, kila mmoja na wakili wake, na bili za mawakili zikapanda kuliko tuta la reli. Ramani zilipaswa kufikishwa ifikapo tarehe 30 Novemba. Mwaka 1845, wakati wa homa ya reli, siku hiyo iliangukia Jumapili, na mamia ya ramani yakakimbizwa London hadi usiku wa manane. Inasimuliwa kwamba kampuni moja, reli ya mpinzani ilipokataa kubeba karatasi zake, ilizificha kwenye gari la maiti.

Talaka nayo ilipita njia hiyo. Kabla ya 1857, aliyetaka kuachana kabisa na mwenziwe na kuoa tena alihitaji sheria ya Bunge yenye jina lake, ikianza kwa petisheni katika Baraza la Lords. Gharama yake ilikuwa ya matajiri, na katika historia yote ya njia hiyo ni wanawake wanne tu walioipata.

Ya tatu, ya uchaguzi, ilisikilizwa na wabunge wenyewe. Walikuwa wanaamua kesi ya mwenzao, na wingi wa chama ulinusa jibu kabla ya ushahidi. Mwaka 1868 kesi hizo zikahamishiwa kwa majaji. Ndiyo maana leo Nairobi au Dar es Salaam aliyeshindwa kwenye kura za ubunge hupanda ngazi za mahakama, hapeleki shauri lake kwa Spika.

Petisheni ya umma haikuuawa na kanuni za miaka ya 1840. Ilidumu kwa wingi karne nzima, na kati ya 1780 na 1918 Commons lilipokea karibu milioni moja. Iliyopungua polepole ni kazi yake. Kura ilipanuliwa 1867 na 1884, ikawa ya siri 1872. Vyama vikajenga matawi mitaani. Wabunge waliotaka kuibana serikali wakagundua maswali kwa mawaziri, ambayo angalau hujibiwa. Na serikali ikazidi kujichukulia saa, hasa baada ya wabunge wa Ireland chini ya Parnell kuonyesha Januari 1881 kwamba kikao kimoja kinaweza kuburutwa saa 41. Spika akakikata kwa nguvu, na mwaka uliofuata ikaja kanuni ya kufunga mjadala.

Hati zenyewe karibu zote zimepotea. Za Commons za kabla ya 1834 ziliteketea kwenye moto wa Oktoba 16 mwaka huo, na za baadaye hazikutunzwa. Zilihesabiwa, zikaandikwa kwenye ripoti, kisha zikatupwa. Lile bunda lililoushinda mlango mwaka 1842 halipo. Tuna idadi ya majina yake, majina yenyewe hatuna.

Moja iliponea pembeni. Tarehe 7 Juni 1866 Emily Davies na Elizabeth Garrett walifika Westminster Hall na petisheni ya wanawake 1,499 ya kudai kura, wakaona haya kukaa nayo hadharani, wakamwomba muuza matufaha aifiche chini ya meza yake hadi mbunge John Stuart Mill atakapokuja kuichukua. Mill aliiwasilisha siku hiyohiyo, na hati ikaenda zilikokwenda nyingine. Lakini wanawake wale walikuwa wameyachapisha majina yote kwenye kijitabu, kwa fedha zao, na kuyasambaza kwa wabunge na magazeti. Nakala chache zipo mpaka leo, na ukizifungua unasoma jina baada ya jina, na mji alikotoka kila mmoja.